Lugha na Utetezi wa Mshtakiwa katika Mahakama za Buha

Rungwe Mpya ni kata katika wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, katika nchi ambayo tangu zamani huitwa Buha. Mtoto anayezaliwa huko huanza na Kiha nyumbani kwao. Kiswahili hukipata shuleni na sokoni. Na Kiingereza, akibahatika kukifikia, hukikuta katika madarasa ya sekondari. Kwa muda mrefu mahakama nazo zilifuata ngazi hiyo hiyo ya lugha, lakini kwa namna iliyomdhuru mshtakiwa. Aliyeshtakiwa kwa kosa dogo alisikilizwa kwa Kiswahili karibu na kwao. Kadiri kosa lilivyokuwa kubwa, ndivyo mahakama ilivyohama mbali zaidi naye, na ndivyo lugha ya maandishi yake ilivyomwia ngeni. Kwa upande wa wakili mambo yalikuwa kinyume: katika mahakama iliyotumia lugha ya watu wakili hakuruhusiwa kuingia, na pale aliporuhusiwa, shauri liliandikwa kwa lugha ambayo mteja wake hakuijua. Hivyo mwananchi wa Buha alikuwa na lugha bila ya mtetezi, au mtetezi bila ya lugha. Sheria zilizotungwa mwaka 2021 zimeigusa hali hiyo katika pande zote mbili, na kwa sababu hiyo yafaa historia yake itazamwe tangu mwanzo.

Kabla ya kuja kwa Wazungu Buha iligawanyika katika tawala kadhaa, kila moja ikiwa na mwami wake, na chini ya mwami walikuwako batware waliosimamia sehemu za nchi. Mashauri yalizungumzwa kwa Kiha mbele ya watu, na aliyelalamikiwa alijieleza mwenyewe, ama alisemewa na wa ukoo wake. Wajerumani walikuja na Kiswahili cha utawala. Wabelgiji walishika Kigoma tangu 1916 hata 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Waingereza waliwarudishia watemi kazi ya hukumu, lakini kwa sharti zao. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, iliziweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala, na rufani zake hazikwenda Mahakama Kuu bali zilipanda kwa mabwana shauri hata kwa Gavana. Mawakili walizuiwa kusimama humo. Hoja iliyotolewa ni kwamba mawakili wangeleta ujanja na kuchelewesha mashauri mepesi ya watu wa kawaida. Hoja hiyo ilikuwa na kweli kiasi. Hata hivyo haikuwafaa sana waliotiwa gerezani na bwana shauri yule yule aliyewatoza kodi.

Katika mahakama hizo za wenyeji maandishi yalikuwa kwa Kiswahili. Hata Heru, alikotawala Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache walioshika utemi Tanganyika, Kiha kilisemwa na Kiswahili kikaandikwa. Basi tafsiri ilikuwamo tangu siku hizo, ila haikuitwa tafsiri, maana karani aliyeandika alikuwa mwenyeji na aliaminiwa kuwa ameyasikia maneno kama yalivyosemwa. Jambo hili dogo lisisahauliwe, kwa kuwa ndilo lililobaki hata leo baada ya mengine mengi kubadilika.

Makosa makubwa yalikuwa na njia nyingine. Mwaka 1933 tume iliyoongozwa na H. G. Bushe ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kuchunguza jinsi haki ilivyotolewa katika mashauri ya jinai, ikakuta ubishi mkali baina ya majaji na watawala: majaji walitaka mashauri yaendeshwe na watu waliosomea sheria, nao watawala walishikilia kwamba anayeijua nchi na watu wake ndiye afaaye kuhukumu. Katika ubishi huo mshtakiwa mwenyewe alisikika kidogo. Hata hivyo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyaona mashaka yake kwa uwazi zaidi kuliko tume, na iliyaona katika jambo moja hasa, nalo ni jibu la mshtakiwa anapoulizwa kama amekosa au hakukosa.

Katika kesi ya Yonasani Egalu, iliyotoka Uganda mwaka 1942, mahakama hiyo ilisema kwamba kabla ya mtu kutiwa hatiani kwa kukiri kwake, yapasa aelezwe kila sehemu ya kosa, na atakiwe kuikubali au kuikana kila moja. Mwaka 1951 maneno hayo yalirudiwa katika kesi ya Hando bin Akunaay, iliyotoka Tanganyika. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan iliyotoka Kenya, utaratibu wote ulipangwa kwa hatua ambazo mahakimu wa nchi zetu huzifuata hata sasa: shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha ya mshtakiwa, au kwa lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana au kuyaeleza, na kama analosema linatia shaka katika kukiri kwake, iandikwe kuwa amekana.

Mwenye kukijua Kiswahili ataona mara moja kwa nini majaji walilazimika kurudia somo hili kwa miaka zaidi ya thelathini. Neno kosa katika Kiswahili lina uwanja mpana. Kosa ni jinai, na kosa ni kukosea njia, na kosa ni kumgusa mtu bega bila kujua. Mtu mwenye adabu akisimamishwa mbele ya wakubwa husema "nimekosa" hata kabla hajajua anadaiwa nini, kwani neno hilo huomba radhi zaidi kuliko linavyokiri. Vivyo hivyo "ni kweli". Aliyesomewa maelezo marefu ya kwamba siku fulani, mahali fulani, aliingia nyumba ya fulani usiku na kuchukua baiskeli, hujibu "ni kweli", naye huenda anakubali siku, na mahali, na baiskeli, lakini si wizi. Pengine baiskeli ni ya kwake, au aliiazima. Hakimu aliyeandika kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali kosa hakusema uongo. Alitafsiri, na katika kutafsiri akakata shauri.

Katika mashtaka ya kuua jambo hili huwa zito zaidi. Kanuni ya Adhabu hutenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na hivi ndivyo makosa hayo yanavyotajwa kwa Kiswahili kila siku. Lakini kifungu cha 200 kinachoeleza nia ovu ya mwuaji hakikomei kwenye kusudi la kuua. Aliyekusudia kumdhuru mwenzake vibaya, bila kutaka afe, naye akafa, amo ndani ya kifungu hicho. Aulizwapo "ulikusudia kumwua?" hujibu kwa moyo safi kwamba hakukusudia, na jibu lake ni sahihi katika Kiswahili, na halimwokoi katika sheria. Kiswahili cha kila siku na Kiswahili cha sheria vimeachana hapo, na mshtakiwa hana habari. Kinyume chake pia hutokea: husema "nilimwua", akimaanisha kwamba mtu alikufa mkononi mwake, ilhali alikuwa anajihami.

Ikiwa Kiswahili chenyewe kina mitego hii, hali ya asemaye Kiha au Kirundi ni ngumu mara mbili. Lugha hizi mbili zimekaribiana mno hata wasemaji wake huelewana bila shida kubwa. Katika Kirundi kitenzi kwica chaweza kuhusu kuua, na chaweza kuhusu kuharibu au kuvunja, kama kuvunja sheria. Kama neno hilo halina kitu cha kulifunga, mkalimani ndiye anayechagua. Katika Kasulu na Kibondo chaguo hilo si la nadra. Wakimbizi wa Burundi walianza kuingia kwa wingi mwaka 1972. Wengine walifuata baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na wengine tena tangu utawala kuyumba mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu kutoka Kongo, na baadaye ikapokea Warundi pia. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Silaha nazo zilivuka mpaka katika miaka hiyo, na pamoja nazo yakaja mashtaka ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake haipungui miaka 30. Ukaribu wa Kiha na Kirundi hushawishi mahakama kumchukua yeyote aliye karibu awe mkalimani. Lakini lugha zinazofanana ndizo zenye maneno yanayodanganya, kwa sababu mkalimani hajui kwamba hajui.

Baada ya uhuru serikali iliondoa hukumu mikononi mwa watemi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama zote kuwa mti mmoja, mahakama ya mwanzo ikiwa shina, na rufani zikaweza kupanda hata Mahakama Kuu. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa, wala hayajasifiwa kama yanavyostahili. Kiswahili kikawa lugha ya mahakama ya mwanzo. Lakini zuio la wakili lilibaki, nalo likaendelezwa katika kifungu cha 33 cha sheria ya 1984 iliyochukua nafasi ya ile ya 1963. Mahakama hiyo, ambayo kwa kawaida uwezo wake wa kufunga haukuzidi miezi 12, iliaminiwa kuwa na mambo mepesi. Lakini miezi 12 si mepesi kwa mkulima ambaye mvua za mwezi wa Novemba zitamkuta ndani.

Katika mahakama za wilaya na za hakimu mkazi palisemwa Kiswahili na pakaandikwa Kiingereza. Huu ulikuwa mtindo wa ajabu, nao ulizoeleka hata ajabu yake ikapotea. Shahidi alisema kwa Kiswahili. Wakili au mwendesha mashtaka aliuliza kwa Kiswahili. Hakimu, kichwa kimeinama, aliandika kwa mkono wake sentensi za Kiingereza. Kiswahili kilichosemwa hakikuhifadhiwa popote. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 ilimpa shahidi haki ya kusomewa ushahidi wake akitaka, na ilitaka mshtakiwa afasiriwe ushahidi uliotolewa kwa lugha asiyoielewa. Lakini hakuna aliyeweza kumsomea shahidi maneno yake mwenyewe, kwa kuwa hayakuwapo; alisomewa tafsiri ya tafsiri. Mfungwa aliyetaka kukata rufani alipewa nakala ya kesi yake kwa Kiingereza, akatafuta gerezani mwenzake aliyesoma. Kwa muda mrefu rufani za Kigoma zilipelekwa Tabora, kiasi cha kilomita 400 kwa reli. Baadaye Mahakama Kuu ilipata masjala yake Kigoma.

Sheria hiyo ya 1985, katika hesabu ya vifungu iliyotumika wakati huo, ilikuwa na kifungu cha 53 kinachostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa lugha. Polisi hawezi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi mpaka aarifiwe kosa lake kwa lugha anayoimudu. Sheria haikusema lugha anayoisikia kidogo, wala lugha ya taifa. Inasikitisha kwamba kipimo kizuri namna hii kiliwekwa kituoni, mahali ambapo wa kushuhudia utekelezaji wake ni wachache kuliko mahakamani.

Haki za raia zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, utetezi wa mshtakiwa ulipata msingi mpya katika ibara ya 13(6), inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Tangu hapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imevuta kamba na Bunge mara kadhaa, hasa juu ya dhamana. Katika kesi ya Daudi Pete ilibatilisha sehemu ya kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa wa makosa fulani. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, ilikubali kwamba hati ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya kuzuia dhamana haikupatana na Katiba. Lakini mwaka 2020, Mahakama Kuu ilipobatilisha mwezi Mei orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwezi Agosti, na orodha ikabaki. Maana yake kwa mtu wa Kasulu aliyeshtakiwa kwa kuua au kwa unyang'anyi wa silaha ni kwamba atautayarisha utetezi wake akiwa mahabusu, asiweze kuwatafuta mashahidi wake, wala kukaa na mtu wa kumfasiria hati.

Juu ya kuelewa mashtaka, hukumu inayotajwa zaidi ni ya Mussa Mwaikunda ya mwaka 2006. Mahakama ya Rufani iliweka vipimo sita: mshtakiwa aelewe aina ya shtaka, aweze kulijibu, ajue kwamba kinachofanyika ni kuchunguza kama alitenda kosa, aufuate mwenendo wa kesi, aelewe uzito wa ushahidi dhidi yake, na aweze kujitetea. Asili ya vipimo hivyo ni Australia, katika kesi ya Presser ya mwaka 1958, na huko vilitungwa kwa ajili ya watu ambao akili zao zilikuwa na maradhi. Ni vyema vililetwa hapa na kuwafaa watu wote. Lakini pia ni jambo la kutafakari kwamba kipimo cha mgonjwa kiligeuka kuwa kipimo cha mtu mzima wa afya aliyeshindwa kufuata kesi kwa sababu ya lugha na maandishi tu.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo imesema. Katika kesi ya Alex Thomas, tarehe 20 Novemba 2015, ilionyesha kwamba mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha alistahili kupewa msaada wa wakili hata kama hakuuomba. Katika kesi ya Armand Guehi, raia wa Ivory Coast, tarehe 7 Desemba 2018, suala la mkalimani lilizungumzwa wazi. Haki yake ilikubaliwa kuwa sehemu ya utetezi, ingawa katika kesi ile mahakama haikuona kuwa imevunjwa, kwa kuwa mshtakiwa alikuwa na wakili na jambo hilo halikulalamikiwa wakati wake. Hapo pana funzo gumu: asiyejua lugha atalalamika kwa lugha gani? Mwezi Novemba 2019 Tanzania ilitoa notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuifikia mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango huo ukafungwa kwa mashauri mapya.

Bunge halikukaa kimya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilichukua nafasi ya ile ya 1969, ikawatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, ambao katika vijiji vya Buha ndio hasa wanaofikika. Kisha ukaja mwaka 2021. Tarehe 1 Februari, katika siku ya sheria huko Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili katika shauri la mgodi wa North Mara. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, Kiingereza kikibaki kwa hali maalumu ambazo kanuni za 2022 zimezieleza. Katika mwaka ule ule wa 2021 kifungu cha 33 nacho kililegezwa, mawakili wakaruhusiwa kusimama katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi. Zuio lililoanza siku za Cameron likapata ufa wake wa kwanza baada ya miaka zaidi ya 90.

Wataalamu wa lugha hawakukutwa bila chochote mkononi. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1965 katika jarida la Swahili juu ya matatizo ya kuitia sheria katika Kiswahili, na mwaka 1968 msamiati wake wa maneno ya sheria ukachapwa. Kazi ya namna hiyo ilianzia Kiingereza ikaishia Kiswahili, kwa kuwa huko ndiko ilikodhaniwa pengo liko. Ilihitajiwa, na bado inahitajiwa. Mtu atazame tu jinsi nia ovu, kusudi na dhamira zinavyopishana katika hukumu mbalimbali.

Lakini katika Buha pengo jingine liko chini ya hilo. Kesi ya Adan iliagiza yaandikwe maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Kwa asemaye Kiswahili, kalamu ya hakimu sasa yaweza kulitimiza agizo hilo neno kwa neno, jambo ambalo halikuwezekana kwa muda wote ambao Kiingereza kilikuwa lugha ya maandishi. Kwa mzee wa Rungwe Mpya anayejibu kwa Kiha, au kwa mkimbizi wa Nyarugusu anayejibu kwa Kirundi, kinachoandikwa bado ni maneno ya mkalimani, na yale ya mshtakiwa hupotea pale pale, kama yalivyopotea katika baraza la mwami karani alipochovya kalamu yake wino.